Mwembe wa Nakawa

ZUBEDA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zubeda, na huyu mwenye kikombe cha chai ya tangawizi mnamjua.

OKELLO: Okello hapa. Hamjambo huko mliko. Dada Zubeda, mbona macho mekundu?

ZUBEDA: Sijalala vizuri wiki hii. Si nilikuambia shangazi anahama Bwaise? Tulikuwa tunamfungia vyombo, chini ya kitanda tukavuta sanduku la bati. Ndani, chini ya mashuka, kuna mikanda ya video, ile mikubwa ya zamani. Mmoja umebandikwa karatasi, imeandikwa kwa wino: Harusi.

OKELLO: Harusi yake mwenyewe?

ZUBEDA: Yake. Pale Nakawa, hapa Kampala, kwenye esteti ya nyumba za vibarua. Nikaupeleka Wandegeya kwa kijana mwenye deki inayofanya kazi, atutolee kwenye flashi.

OKELLO: Deki nzima siku hizi ni mali. Funai ya Japani ndiyo kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, nayo iliacha 2016. Tangu hapo watu wanachinja mbovu kupata vipuri vya kuponyesha nyingine.

ZUBEDA: Ndivyo anavyofanya huyo kijana. Alifungua mkanda kwa bisibisi, akanionyesha ukungu umekaa pembeni mwa utepe kama unga. Akaufuta polepole kwa kitambaa chenye spiriti, akizungusha kwa kidole. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: mkanda wa saa tatu utachukua saa tatu kuhamishwa. Hakuna kuharakisha. Unakaa, unautazama wote.

OKELLO: Na ndiyo maana leo tuna mambo matatu ya kuwaambia nyinyi mnaohifadhi mikanda ya wazazi wenu. Nimeyaandika hapa. La kwanza...

ZUBEDA: Ngoja kidogo, Okello. Niwape kwanza nilichokiona.

OKELLO: Haya, sema.

ZUBEDA: Pembeni mwa picha kuna tarehe, zile namba nyeupe za kamera. 4.9.1993, Jumamosi. Wanatoka msikitini Kibuli. Bibi harusi yumo kwenye Peugeot nyeupe yenye maua, na mpiga video amesimama nyuma ya pikapu mbele yao. Sasa, badala ya kwenda Nakawa moja kwa moja, msafara unapanda mjini. Wanampitisha Kampala Road yote.

OKELLO: Ilikuwa lazima. Harusi isiyopita Kampala Road nani angejua kuna harusi?

ZUBEDA: Basi pale ndipo nilipoacha kutazama harusi. Barabara, Okello! Unaona lami. Unaona Posta Kuu, unaona watu wanavuka barabara wakitembea, hawakimbii. Bodaboda unazitafuta kwa macho. Jicho la kamera likigeukia Old Kampala, ule mnara wa msikiti mkuu tunaoutazama leo kutoka kila kona haupo, maana msikiti ulianzishwa enzi za Amin, ukabaki gofu, ukaja kufunguliwa 2008. Kilima kinaonekana kama mtu aliyevua kofia.

OKELLO: Shangazi alisema nini alipoiona?

ZUBEDA: Hili ndilo lililoninyima usingizi. Nilidhani atalia kwa kuiona sura yake ya usichana, au kwa kumwona marehemu mume wake. Hakujitazama hata kidogo! Aliisogelea skrini akawa anatazama nyuma ya watu. "Lile duka! Huyo fundi cherehani! Ile benchi ilikuwa ya baba yako!" Walipofika esteti akaniambia nisimamishe picha, akanyoosha kidole: "Mwembe. Tazama mwembe."

OKELLO: Mwembe upi?

ZUBEDA: Wa Nakawa. Pale walipofunga turubai. Wapishi wako chini yake na masufuria, watoto wako juu yake.

OKELLO: Ulinitumia kile kipande juzi usiku. Nimekitazama. Zubeda, ule si mwembe wa Nakawa. Ule ni wa Naguru.

ZUBEDA: Okello, tafadhali.

OKELLO: Wasikilizaji, mnajua mimi nimezaliwa Naguru, na huyu dada kazaliwa Nakawa, chini yetu. Esteti mbili, zote zilijengwa na wakoloni miaka ya 1950 kwa ajili ya vibarua na makarani wa mjini. Sisi tulikuwa juu kwenye mteremko wa kilima, wao wako chini karibu na Jinja Road na soko. Ule mti uko kwenye mteremko. Tazama masufuria: mpishi ameweka jiwe upande mmoja ili sufuria lisilale.

ZUBEDA: Mpishi yeyote huweka jiwe. Mafiga ni mawe.

OKELLO: Mafiga ni matatu. Nasema jiwe la nne, dogo, limetiwa chini ya figa moja. Hilo ni la kusawazisha. Nakawa kwenu palikuwa tambarare.

ZUBEDA: Si kote! Nyuma ya nyumba zetu, kuelekea kwenu, ardhi ilikuwa inapanda. Na nyuma ya mwembe yanaonekana magorofa ya Bugolobi.

OKELLO: Hata kwetu yalionekana, tena vizuri zaidi. Sisi tulikuwa juu.

ZUBEDA: Ndiyo ninachosema! Kwenye picha yanaonekana nusu tu, chini yamezibwa na mapaa. Mtu angekuwa Naguru angeyaona mpaka kwenye kamba za nguo.

OKELLO: Hmm.

ZUBEDA: Umesikia hiyo "hmm", wasikilizaji?

OKELLO: Inategemea kamera ilikuwa kimo gani. Kama alipiga magoti... Na vivuli je? Kama Bugolobi iko mbele, kusini, na vivuli vinakwenda kushoto, basi jua liko magharibi, upande wa Lugogo. Ni alasiri.

ZUBEDA: Harusi ilikuwa alasiri. Kivuli hakikwambii Nakawa wala Naguru.

OKELLO: Kinaniambia kwamba bomba la maji lililo kulia lilikuwa magharibi ya mti. Kwetu bomba lilikuwa magharibi ya mti. Nimechota maji pale utoto wangu wote.

ZUBEDA: Na letu lilikuwa wapi?

OKELLO: Sijui. Lenu lilikuwa wapi?

ZUBEDA: Karibu na choo cha pamoja, halafu... Sasa umenichanganya. Ulikuwa unatoka kwetu, unapita kwa yule mzee wa reli, unakata kona...

OKELLO: Unaona? Na hakuna mahali pa kwenda kuhakikisha. Wasikilizaji wageni labda hawajui: mwaka 2011, mwezi wa saba, matingatinga yaliingia esteti zote mbili. Watu walitoka na magodoro vichwani. Tuliambiwa utajengwa mji wa kisasa. Miaka ikapita, nyasi zikaota pale palipokuwa mlango wa mama yangu. Kwa hiyo leo, ukiniuliza bomba lilikuwa wapi, ramani yangu ni hicho kipande cha mkanda.

ZUBEDA: Ndiyo maana siwezi kukuachia huu mwembe, Okello. Sikuachii. Mimi sina picha ya nyumba yetu hata moja. Baba hakuwa na kamera. Lakini shangazi akiolewa, mtu mwenye kamera akakodiwa kwa siku moja, na alipokuwa anasubiri bibi harusi ashuke garini, mkono wake ukachoka, kamera ikazunguka bila kukusudia. Ikapita mlangoni kwetu. Pazia la buluu. Baba yuko kizingitini anavaa viatu. Basi. Huyo ndiye baba yangu aliye hai.

OKELLO: Pole, dada.

ZUBEDA: Nimeshapoa. Na lugha! Umesikia sauti za watu pale? Mpishi Mganda, mbeba maji Mwacholi, mzee wa reli, Mnubi wa kutoka Bombo, wote wanagombezana kwa Kiswahili. Watu wakiniuliza Kiswahili changu nilikitoa wapi Kampala hii, nitawaonyesha ule mkanda.

OKELLO: Hilo nakubali kabisa. Baba yangu alikuwa akisema kwamba mpaka 1970 majirani wengi walikuwa Wakenya, ndipo serikali ya Obote ikawaondosha wafanyakazi wa Kenya, vyumba vikabaki wazi, lakini Kiswahili chao kikabaki na sisi.

ZUBEDA: Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nataka kuuweka mkanda wote kwenye intaneti. Watu wa esteti walitawanyika 2011: wengine Kireka, wengine Banda, wengine vijijini. Nikiuweka, mtu atamwona mama yake. Atajiona mtoto juu ya mwembe.

OKELLO: Hapo sikubaliani nawe.

ZUBEDA: Najua. Juzi ulininyamazia kwenye simu.

OKELLO: Kuna sehemu, baada ya wale watoto, kamera inapita kwenye meza ya mandazi. Yule mama unamkumbuka.

ZUBEDA: Nani atamsahau? Alikuwa anatia iliki mpaka unaisikia ukiwa barabarani.

OKELLO: Kamera inamfikia, anainua kiganja anaficha uso. Kisha anageuka, anatupa mgongo. Mpiga video hamwachi. Anamzunguka. Anamgeukia tena, naye anageuka tena. Watu wanacheka. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi. Yule mama alikataa, Zubeda. Alikuwa na nguo ya kazi, uso una jasho, siku ambayo wenzake wote wamevaa gomesi za hariri. Hakualikwa kwenye video. Alikuwa anauza.

ZUBEDA: Jua lilikuwa machoni mwake. Umesema mwenyewe, alasiri, jua la Lugogo. Meza inatazama kule.

OKELLO: Aligeuka mara mbili.

ZUBEDA: Na jua liko palepale mara mbili! Okello, hujui anachofikiri. Labda leo yuko Mbale kwa mwanawe, hajui kama kuna mtu duniani anamkumbuka. Sisi tunamkumbuka. Tutampataje tukifungia mkanda sandukuni?

OKELLO: Mtafute kwa miguu. Uliza Kireka, uliza Banda. Ukimpata, muulize. Akisema ndiyo, weka.

ZUBEDA: Na wengine mia kwenye ule mkanda, niwaulize mmoja mmoja? Nusu wamekufa. Ukingoja ruhusa ya kila mtu aliyepita nyuma ya bibi harusi, hakuna kitakachobaki cha mji huu. Picha zitakazobaki ni za mawaziri wakikata utepe.

OKELLO: Basi kata kile kipande chake.

ZUBEDA: Nimkate yeye? Mwenye mandazi? Ndiye mtu ninayetaka watu wamwone kuliko bwana harusi! Walishamwondoa mara moja, 2011. Nami nimwondoe tena?

OKELLO: Usilinganishe. Wao walimtoa bila hiari yake. Wewe unataka kumweka bila hiari yake. Katika yote mawili, yeye hakuulizwa.

ZUBEDA: Hilo neno ni zito, na si haki.

OKELLO: Nalisema kwa sababu nakuheshimu.

ZUBEDA: Najua. Lakini sikubali. Mtu aliyeficha uso mwaka 1993 alikuwa anajificha kwa mpiga video wa siku ile. Hakuwa anajificha kwako wewe, mtoto aliyekula kwake kwa mkopo.

OKELLO: Nami sijui kama ningekuwa na haki ya kumtazama kwa sababu tu nilikula kwake. Shangazi je? Mkanda ni wake.

ZUBEDA: Anataka uwekwe. Ila anataka mwembe uonekane mwanzo, kabla yake yeye.

OKELLO: Mwembe wa Naguru.

ZUBEDA: Wa Nakawa! Alioa... samahani, aliolewa chini yake, atakosaje kuujua?

OKELLO: Alikuwa chini ya shela siku nzima. Nimuulize swali moja tu: walipotoka kwenye turubai kwenda kwenye gari, walipanda au walishuka?

ZUBEDA: Nitamuuliza. Nitampigia leo leo.

OKELLO: Naona tunapungiwa mkono kule nyuma ya kioo. Dakika mbili. Na mambo yangu matatu yako hapa kwenye karatasi, hata la kwanza sijamaliza.

ZUBEDA: Soma upesi.

OKELLO: Simamisha mkanda wima kama kitabu, usiulaze. Uweke mbali na spika, sumaku inafuta picha. La pili lilikuwa habari ya ukungu, kwamba usiutie kwenye deki mkanda wenye ukungu kabla ya...

ZUBEDA: Lakini Okello, hata ukimpata yule mama akakataa, wale watoto walio juu ya mwembe ni wanane, na mmoja wao...

OKELLO: Mmoja wao ni nani?

ZUBEDA: Amevaa kaptula ya kaki, ameshika embe bichi. Sitaki kumtaja hewani.

OKELLO: Mimi sikuwahi kupanda mti wa Nakawa.

ZUBEDA: Basi wasikilizaji waliokuwa Nakawa au Naguru kabla ya 2011, tuandikieni: bomba lilikuwa upande gani wa mwembe? Taja esteti, taja namba ya nyumba kama unaikumbuka. Na kama unajua alikokwenda mama wa mandazi, usitaje jina lake hadharani, tuandikie sisi wawili tu.

OKELLO: Hilo angalau tumekubaliana.

ZUBEDA: Kwa wiki hii tu. Kwaherini.