Uvimbe wa Katikati ya Ubongo na Tundu la Ukubwa wa Sarafu

Ndugu zangu, weka kidole kwenye paji la uso, kipandishe mpaka nyuma kidogo ya pale nywele zinapoanzia, kisha kisogeze kulia kama upana wa vidole viwili. Hapo ndipo tunapotoboa.

Kwa tundu hilo tunaingiza kamera nyembamba, tunakwenda kutafuta tezi ya pinea. Iko katikati ya kichwa, ndogo kama punje ya mchele. Ikiota uvimbe, uvimbe huo unabana mfereji mwembamba wa maji ya ubongo. Mwili hutengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku. Yakikosa njia, yanajaa. Mgonjwa anaamka kichwa kikimgonga, anatapika, na ukimwambia atazame juu, macho hayapandi.

Daktari wa upasuaji Walter Dandy wa Marekani alichungulia vyumba vya maji ya ubongo mwaka 1922, ila mwanga ulikuwa hafifu. Lenzi za Mwingereza Harold Hopkins, miaka ya 1960, ndizo zilizotupa picha ya maana.

Sasa twende ndani. Kamera inashuka kwenye maji maangavu. Unaona mishipa ya damu inakutana, pembeni yake tundu: huo ndio mlango wa chumba cha tatu. Sakafu yake ni utando tu, na chini ya utando ateri kubwa inadunda. Hapo sina haraka. Natoboa mbele ya ateri, napuliza kiputo kidogo kupanua tundu, maji yanapata njia mpya. Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake wametumia njia hii kwa watoto wa kichwa kikubwa, wengi wasihitaji tena shanti, yaani bomba la kutoa maji ya ubongo.

Kabla ya kutoka, naigeuza kamera nyuma, nachukua kinyama cha kupima. Nacho ndicho kinachoamua. Kikionyesha jeminoma, aina ya uvimbe inayosikia sana mionzi, mionzi huuyeyusha uvimbe, na kwa kawaida upasuaji mkubwa hauhitajiki.

Wengi hudhani tundu dogo ni hatari ndogo. Hapana. Tone moja la damu likidondoka, ni kisima kilichotibuliwa. Unasuuza kwa maji vuguvugu, unangoja; nimewahi kusimama dakika nyingi nikitazama wekundu mtupu kwenye skrini. Uvimbe mkubwa wenye damu nyingi siuendei hivi. Huo nafungua fuvu na kuweka hadubini, na mgonjwa naye namwambia hivyohivyo.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, karibu.