Jisajili kwa GP Kabla Hujaumwa

Asalaam aleikum, habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wazee wangu mnaonitazama huko Tanga na kwingineko. Leo niko jikoni kwangu hapa Leicester, Uingereza, mvua tangu alfajiri. Kuna mdogo wetu kafika majuzi kusoma. Nikamuuliza, "Umeshajisajili kwa GP?" Akanijibu, "Dada, mimi siumwi."

Neno hilohilo nililisema mimi mwaka 2021.

GP ni daktari wa familia. Huku huamki tu ukaenda kwa bingwa wa moyo au wa ngozi, kama nyumbani mtu akiwa na hela yake. Unaanzia kwa GP wa mtaani kwako. Mtoto ana homa, mzee ana sukari, mtu hapati usingizi kwa mawazo, wote ni wake. Likimzidi, anakuandikia rufaa, na majibu ya hospitali yanarudi kwake, kwa hiyo faili lako lote liko mahali pamoja. Kumwona hulipii.

Sasa yangu. Nilipofika nilikwenda kujisajili, mapokezi wakanidai bili ya umeme kuthibitisha ninapokaa. Nimepanga chumba kwa mtu, bili naitoa wapi? Nikaondoka, nikaacha, nikajiambia siumwi. Miezi minne baadaye kichwa kikaniuma wiki nzima, huku kisogoni, nikakimbilia idara ya dharura. Nilikaa pale masaa saba. Muuguzi akaniuliza, "GP wako nani?" Sikuwa naye. Wakaniangalia, wakanipa dawa ya maumivu, wakaniambia nikatafute GP.

Nikaenda zahanati nyingine, nikapokelewa. Muuguzi akanipima presha: 168 kwa 104. Nina miaka 34!

Daktari hakuniandikia dawa siku ile. Alinipa mashine nikapime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, kila mara mara mbili, niandike. Kwa nini? Kwa sababu presha hupanda mtu akiwa mbele ya daktari, akitulia kwake inashuka. Yangu haikushuka. Akanipima damu na mkojo kuangalia figo, akaniuliza habari za mama na bibi. Bibi yangu alipooza upande mmoja nikiwa darasa la tano, na sisi nyumbani tulisema kapigwa na upepo. Nilipomsimulia hivyo nililia mbele ya yule daktari. Akaninyamazia mpaka nikamaliza, ndipo akaniambia watu wenye asili ya Kiafrika huku huanzishiwa aina fulani ya dawa kwa sababu inawafaa zaidi, akaniandikia amlodipini, dawa ya presha. Naimeza mpaka leo.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe mzazi unayemsindikiza mtoto uwanja wa ndege, sikilizeni. Fungua tovuti ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, andika postikodi ya unapokaa, itakuletea zahanati za GP zilizo karibu. Chagua ambayo eneo lake linafika kwako, jaza fomu, mtandaoni au palepale. Kukosa pasipoti, bili au karatasi za uhamiaji si sababu ya kukukataa. Laiti ningelijua hilo siku ile! Wakikukataa, wanatakiwa wakuandikie sababu ndani ya siku 14. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtumie mwanao wa miaka kumi akutafsirie mambo ya uzazi, nawaomba sana.

Na mwanafunzi, kumbuka ulishalipia. Kwenye viza umetozwa pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya NHS. Umelipa, halafu unajitibu kwa dawa ulizobeba kwenye begi?

Ukitaka miadi, sehemu nyingi unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, na foleni ya simu ni ndefu, nisiwadanganye. Wa mapokezi atakuuliza unaumwa nini. Hakufanyii umbea, anataka kujua akupeleke kwa daktari, muuguzi au mfamasia. Ukiingia una kama dakika kumi, kwa hiyo linalokusumbua zaidi lianze. Wengi wetu tunaanza na mafua, tukifika mlangoni ndipo tunasema, "Halafu daktari, kuna uvimbe kwenye ziwa." Anza na uvimbe.

Dawa England unalipia pauni 9.90 kwa kila aina. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ni bure. Usiku ukizidiwa lakini hufi, piga 111, simu ya ushauri ya NHS. Kifua kinabana au mdomo umepinda, ni 999, simu ya dharura, usimsubiri GP.

Nyumbani hatuna utaratibu huu wa kila mtu na daktari wake. Lakini mama yangu nimembembeleza achague zahanati moja pale karibu na kwetu, asihamehame, na daftari lake la presha aende nalo kila akienda. Ameshakwenda mara tatu, na muuguzi sasa anamjua kwa jina. Mama, najua unanitazama. Picha ya vipimo vya Jumapili sijaiona bado, nitumie, nami nitakutumia vyangu.