Ilipoishia, Sasa Endelea: Majarida ya Wanawake na Hadithi Zake

Shikamooni wakubwa zangu. Na wengine, habari za jioni. Feni mbili zimegoma, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nilipokuwa mtoto, Magomeni, shangazi yangu alikuwa msusi. Wateja walikaa uani mkekani, kichwa kimoja nusu siku, na mimi niliyekuwa najua kusoma nikawa nawasomea hadithi za magazetini. Tatizo ni kwamba magazeti yenyewe hatukuyanunua. Yalikuja yamefungia vitumbua. Hadithi inaanza vizuri, binti katoka kijijini, bosi kamtamani, halafu karatasi imechanwa, na mwisho umeondoka na karanga za mtu mwingine. Shangazi hakukubali kushindwa. Aliumalizia mwenyewe huku anasuka, na kila mteja alipata mwisho kulingana na alivyolipa. Kwa mwenye deni, binti alirogwa. (Vicheko.)

Nimemtanguliza shangazi kwa sababu swali langu leo ni lake: mwisho wa hadithi analipia nani?

Jarida la kwanza la wanawake kwa Kiingereza, The Ladies' Mercury la John Dunton, lilitoka London mwaka 1693. Lilijibu maswali ya mapenzi na ndoa, likafa baada ya matoleo manne. Hilo tuliache. Lenye utamu ni The Lady's Magazine, lililoanza huko huko mwaka 1770. Hadithi zake nyingi ziliandikwa na wasomaji wenyewe, bila kulipwa hata senti. Sasa mtu asiyelipwa utamshika wapi? Wengine walileta sehemu tatu nne, wakapotea. Mhariri akawa anawabembeleza kurasani: tafadhali tuletee inayofuata, wasomaji wanaulizia. Zipo hadithi ambazo mpaka leo hazijaisha.

Lakini msiidharau shule ile. Charlotte Brontë alipokuwa mtoto aliyasoma matoleo yake ya zamani kwa kujificha, wakati alitakiwa awe anasoma masomo yake. Katika barua ya mwaka 1840 anasimulia kwamba baba yake, mchungaji, aliyachoma moto kwa sababu yamejaa hadithi za mapenzi za kipuuzi. Miaka saba baada ya barua hiyo binti akatoa riwaya yake, Jane Eyre. Wazazi mnaopekua simu za mabinti zenu, mkumbukeni mchungaji.

Halafu zikaja pesa. Ladies' Home Journal lilianza Marekani mwaka 1883, na kufikia 1903 lilikuwa na wanunuzi waliojiandikisha milioni moja. Bei yake ilikuwa ndogo; aliyelipa hasa ni mwenye kutangaza bidhaa. Mhariri wake, Edward Bok, akabuni ujanja ambao wenye magazeti wanautumia hadi leo: hadithi inaanza kurasa za mbele, lakini mkia wake unapelekwa nyuma kabisa, kwenye matangazo. Tuseme bwana amepiga magoti mbele. Ukitaka kujua kama amekubaliwa, sharti upite kwenye sabuni na unga wa keki.

Na muuza sabuni anataka hadithi iishie wapi? Betty Friedan, aliyekuwa mwandishi wa majarida hayo hayo, alirudi kuyapekua, akaeleza aliyoyakuta katika kitabu chake cha mwaka 1963. Mwaka 1939 mashujaa wa hadithi hizo walikuwa wanawake wenye kazi zao: wauguzi, walimu, wasanii; na hata mwaka 1949 yuko mmoja anajifunza kurusha ndege. Alipofika matoleo ya mwaka 1958 na 1959, alifungua moja baada ya jingine katika majarida matatu makubwa bila kumkuta hata shujaa mmoja mwenye taaluma au wito nje ya nyumba yake. Walioolewa wako jikoni; ambao bado, wanawinda mume. Friedan aliwanyooshea kidole pia wahariri na waandishi wa kiume waliorudi vitani wakiota nyumba yenye joto. Mimi naona alikuwa sahihi, ingawa sabuni ingestahili lawama kubwa zaidi.

Vukeni nami bahari yetu hii. Mwaka 1905, jarida la The Indian Ladies' Magazine la Madras lilitoa hadithi fupi ya Rokeya Hossain, Ndoto ya Sultana. Mumewe alikuwa safarini kikazi, naye akaiandika kupitisha muda. Humo wanawake wanaendesha nchi kwa sayansi, wanavuna nguvu za jua, na wanaume ndio wanaotawishwa ndani. Mume aliporudi aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema: kisasi kikali! Hakuna muuza sabuni ambaye angeigharimia.

Hapa Dar, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata kikatoa jarida la Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad wa taarab. Kazi yake ilikuwa kutetea haki. Kiu ya hadithi ilikatwa kwingine, kwenye magazeti pendwa ya kila wiki, yale yenye ILIPOISHIA juu na USIKOSE chini. Msomaji analipia wiki, basi binti anazirai kila wiki.

Siku hizi simulizi zimehamia WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo bure, baada ya hapo unatuma buku kwa simu. Nilizungumza na dada mmoja anayeishi kwa kazi hiyo. Alifika mahali mhusika wake anataka kurudi kwa mume aliyempiga, na wasomaji kundini wakachachamaa: asirudi! Wengine wakatuma pesa kabla sehemu haijaandikwa. Nikamuuliza, sasa karudi au hakurudi?

Akacheka. "Kaka, yuko mlangoni. Bado wanalipa."

Karibuni maswali.