Ulikaa Kiti Gani?

ZAITUNI: Karibuni tena kipindini; leo ni maombi ya hifadhi ya wakimbizi. Kaka Okello wiki hii hapatikani kwa simu, na nyinyi mnaomjua mmekwisha kukisia sababu.

OKELLO: Iliibiwa Jumatatu, Hajati, ndani ya teksi, daladala, ya kwenda Ntinda hapa Kampala. Kituoni askari wa kwanza nilimwambia nilikaa nyuma ya dereva. Alipokuja mwenzake kunihoji upya nikasema karibu na mlango, naye akafunga daftari, akaniambia nirudi nikishaamua ninachotaka kusema.

ZAITUNI: Kwani ulikaa kiti gani?

OKELLO: Vyote viwili! Wandegeya nilimpisha mama mwenye kuku wawili.

ZAITUNI: Kuku hao uliwataja kituoni?

OKELLO: Hakuna aliyeniuliza habari za kuku.

ZAITUNI: Basi ni kama umekwisha kufika mbele ya Kamati ya Ustahiki ya hapa Uganda, ile inayoamua maombi ya hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Wanaokubaliwa kwa kundi, kama Wasudani Kusini wengi, hawachimbwi hivyo, lakini anayehojiwa peke yake huwekewa maelezo ya polisi kando ya maelezo ya mahojiano, na tofauti ya kiti tu inaweza kumtia doa, nami naona si haki.

OKELLO: Hapo sikubaliani nawe. Kamati haikuwapo msituni mwombaji alipokuwa akikimbia. Ina maneno ya mtu na habari za nchi alikotoka, basi. Hata mwongozo wa mwaka 1979 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unasema mwombaji hunufaika na shaka, yaani huaminiwa pasipo ushahidi kamili, baada tu ya mhojaji kuridhika kwamba kwa jumla anaaminika.

ZAITUNI: Kwa jumla, umesema mwenyewe. Mwongozo huohuo unasema kazi ya kutafuta ukweli ni ya wote wawili, mwombaji na mhojaji. Aliyekimbia kwao usiku akiwa na mtoto mgongoni aulizwe kilichomkimbiza, na anachokiogopa akirudishwa. Kiti kina kazi gani hapo?

OKELLO: Kina kazi. Anayetunga hujikwaa kwenye vitu vidogo.

ZAITUNI: Na aliyetishwa pia hujikwaa hapohapo. Wewe hukutishwa na yeyote, na bado kuku wamekuponyoka.

OKELLO: Kuku waache. Nipe kipimo kingine basi.

ZAITUNI: Nimekwisha kukupa: hofu yake, na hali ya alikotoka.

OKELLO: Hali ya alikotoka hata mwongo anaisikia redioni. Sibadiliki.

ZAITUNI: Wala mimi. Na tulikuwa tumeahidi mambo matatu kuhusu rufaa, nazo dakika zimekwisha.

OKELLO: Taja moja, haraka.

ZAITUNI: Aliyekataliwa ana siku 30 tangu apewe taarifa kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi. Bodi inaweza kuutengua uamuzi, lakini haiwezi yenyewe kumpa mtu hadhi ya ukimbizi. Hulirudisha shauri kwa Kamati ileile.

OKELLO: Kwa watu walewale waliomkataa?

ZAITUNI: Kwa Kamati ileile. La wakalimani na la mawakili tumeyakosa leo.