Saratani Ikishasambaa, Titi Litolewe?

ZUHURA: Leo tuna swali linaloulizwa sana na familia. Mama amegundulika na saratani ya matiti, tena imeshafika kwenye mifupa au ini. Kwa nini madaktari wasilitoe tu hilo titi?

HAMISI: Ni swali la haki, dada. Ugonjwa ulianzia pale, watu wanataka mzizi ung'olewe. Hata madaktari wengi waliliona hivyo. Mwaka 2002 zilichapishwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 16,000 wa Marekani, na waliopasuliwa walionekana kuishi zaidi.

ZUHURA: Basi si ndiyo jibu hilo?

HAMISI: Hapana, jiulize nani alipasuliwa. Mara nyingi ni mwenye umri mdogo, mwenye nguvu, ambaye saratani haijasambaa sana. Huyo angeishi zaidi hata asipoguswa na kisu. Ikabidi wagonjwa wagawanywe kwa kura: wengine wapasuliwe, wengine wabaki na dawa tu. Hospitali ya Tata Memorial, kule Mumbai, India, walifanya hivyo kwa wanawake 350 ambao dawa zilikuwa zimeanza kuwasaidia. Nusu ya waliopasuliwa waliishi zaidi ya miezi 19.2. Kwa wasiopasuliwa, miezi 20.5.

ZUHURA: Lakini utafiti kama huo wa Uturuki ulipata matokeo mengine.

HAMISI: Ndiyo, na wengi hushikilia hayo. Baada ya miaka 5 walikuwa hai asilimia 41.6 ya waliopasuliwa, dhidi ya 24.4 ya wasiopasuliwa. Ila kundi la upasuaji lilikuwa na wachache wenye aina kali ya saratani, kwa hiyo mizani ilishaegemea upande mmoja. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 256, uliochapishwa 2022, ulikuta baada ya miaka 3 wako hai asilimia 68.4 ya waliopasuliwa na 67.9 ya wasiopasuliwa. Mimi nauona huo ndio wenye uzito.

ZUHURA: Kinachoua ni ile iliyokwenda kwenye ini, mapafu, ubongo. Kisu hakifiki huko, dawa zinafika.

HAMISI: Na ndizo zinazobadilisha matarajio ya mgonjwa. Chukua saratani yenye HER2 nyingi, yaani protini inayochochea seli za saratani kukua. Waliopewa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, pamoja na kemo, nusu yao waliishi zaidi ya karibu miezi 41. Ilipoongezwa pertuzumabu, dawa nyingine inayolenga HER2, ikawa karibu 57. Hakuna upasuaji wa titi uliowahi kuleta hivyo katika hatua hii.

ZUHURA: Hata hivyo sitaki msikilizaji adhani upasuaji hauna kazi. Titi likichimbika, likitoa damu na harufu, mama anajitenga na watu. Kumwondolea adha hiyo nako ni tiba, hata kama hakuponyi saratani.

HAMISI: Kabisa. Katika utafiti huohuo wa Marekani, baada ya miaka 3 ugonjwa ulikuwa umezidi kifuani kwa takriban asilimia 40 ya wasiopasuliwa, na kwa takriban 16 tu ya waliopasuliwa.

ZUHURA: Kwa hiyo muulizeni daktari waziwazi: upasuaji huu ni wa kumrefushia maisha au kumpunguzia mateso?

HAMISI: Na muulize dawa zitasimamishwa kwa muda gani hadi kidonda kipone.