Vidonge vimebaki kabatini, mzee yuko korosho

HAMISI: Karibuni tena, tupo Mtwara mjini. Shikamoo da Somoe.

SOMOE: Marahaba mdogo wangu. Feni hii inapiga kelele, wasikilizaji watuvumilie.

HAMISI: Nina ujumbe wa binti mmoja wa Newala. Baba yake alipimwa presha ikawa 170 kwa 100, akaandikiwa amlodipini. Akameza miezi kadhaa, akapimwa tena, 128 kwa 82. Mzee akafurahi, akatangaza amepona. Sasa yuko shambani anaokota korosho, vidonge kaviacha kabatini. Binti anauliza: amsumbue au amwache amalize msimu?

SOMOE: Amsumbue. Kwa adabu, lakini amsumbue. Ile 128 ni kazi ya kidonge. Ukikiacha, presha inarudi kule kule, na wala haikuagi kwamba inarudi.

HAMISI: Mzee anajitetea, anasema hasikii kitu. Kichwa hakiumi, halali vibaya.

SOMOE: Muulizeni siku ile ya 170 alisikia nini. Hakusikia kitu! Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu mwaka hadi mwaka, msuli wa moyo unanenepa, figo zinaharibika taratibu, na wewe unacheza bao kama kawaida. Kuna wazee wanapima presha kwa kisogo: kikiuma wanameza, kikiacha wanaacha. Kichwa kinauma kwa jua, kwa njaa, kwa deni la pembejeo. Hicho si kipimo.

HAMISI: Na kipimo chenyewe? Mimi nimepimwa mara mbili siku moja, namba tofauti kabisa.

SOMOE: Ngoja nikueleze mama mmoja. Katoka Feri na beseni la samaki kichwani, kapanda nalo mpaka zahanati. Kafika, kakaa, mkono kaunyoosha hapo hapo, mpira umefungwa juu ya mkono wa baibui, huku anatusimulia bei ya changu ilivyopanda. Ikasoma 158. Nikamwambia mama, nenda msalani kwanza. Akarudi, akakaa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo, mpira kwenye ngozi, na mdomo umefungwa. Hapo ndipo palipokuwa kazi! Ikasoma 136.

HAMISI: Kumbe angeondoka na dawa bure.

SOMOE: Asingeondoka nayo, kwa sababu kwa kawaida hatumwambii mtu ana presha kwa kipimo cha siku moja. Tunataka ifike 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti. Namba ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Mojawapo ikizidi, imezidi. Na kabla ya kupima, nusu saa nzima usivute sigara wala usinywe kahawa. Wazee wa kahawa na kashata mnanisikia.

HAMISI: Isipokuwa ikiwa juu sana.

SOMOE: Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinabana, au pumzi haitoshi, au mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Huku kwetu mtu akianguka hivyo wanasema kapigwa na upepo, wanamzungusha kwa waganga siku tatu. Kiharusi kinahesabiwa kwa saa. Dua asomewe njiani.

HAMISI: Tuje kwenye chakula. Usiniguse ng'onda, samaki wangu mkavu wa chumvi.

SOMOE: Nakugusa hiyo hiyo. Kiwango ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa kila kitu ulichokula, siyo ile ya kunyunyizia tu. Ng'onda ukiiloweka usiku na kumwaga maji, chumvi inapungua, haiishi. Basi usiongeze tena kwenye mchuzi, wala usivunjie kile kiungo cha paketi. Korosho kula, ila zisizotiwa chumvi. Na uraka huu wa mabibo, watu wanaunywa kama maji kwa sababu ni wa msimu. Pombe inapandisha presha, iwe ya chupa au ya kibuyu.

HAMISI: Haya, binti akimfikishia baba yake vidonge, ameze viwili viwili kufidia?

SOMOE: Hata kidogo! Hakifidiwi. Kwa kuwa ameacha muda, apite zahanati ya karibu apimwe, wamwambie aanze vipi. Halafu binti amuulize kwa upole kama miguu ilikuwa inavimba. Amlodipini inavimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, na wanaume hawasemi, wanaacha kimya kimya. Dawa zipo za aina nyingi, daktari atabadilisha. Nyingine zinaleta kikohozi kikavu, nayo inabadilishwa. Na safari ya shamba, vidonge vikae kwenye mfuko mmoja na simu.

HAMISI: Ramadhani je?

SOMOE: Vingi ni kimoja kwa siku, unameza futari au daku. Uliza mapema, usisubiri mwezi uandame.

HAMISI: Ujumbe wa pili umetoka Nachingwea. Ni mjamzito, miezi saba, presha 150 kwa 100, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Anauliza ale nini.

SOMOE: Huyo mpigie sasa hivi, zima maikrofoni. Aende hospitali leo, asisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja.

HAMISI: Nampigia.