Kamera Ikishaondoka Mwaloni

MWAMVUA: Karibuni tena wasikilizaji. Tunarekodia Ujiji, kwa hiyo mkisikia bodaboda katikati ya maneno, tuvumilieni. Kaka Sadiki, uliahidi leo unakuja na ugomvi.

SADIKI: Na nimekuja nao, dada. Mimi nasema kwenye filamu za maisha halisi, fomu ya ridhaa, ile karatasi mtu anayosaini kukubali kurekodiwa, inamlinda mwenye kamera kuliko inavyomlinda aliyerekodiwa.

MWAMVUA: Hee! Fafanua.

SADIKI: Angalia mambo yanavyokwenda pale mwalo wa Katonga, wavuvi wanaposhusha samaki. Timu ya filamu imempigia mwenyekiti wa mtaa mapema. Wakifika, mwenyekiti anamwita mama anayeanika dagaa: "Mama fulani, hawa wageni wetu, zungumza nao." Sasa huyo mama atakataaje? Mwenyekiti kasimama hapo, wenzake wanatazama. Anapewa karatasi, anasaini. Kisheria mambo safi kabisa.

MWAMVUA: Lakini mwenyekiti humruki. Uwe na kibali cha Bodi ya Filamu mfukoni, ukiingia mtaani na kamera bila kupita kwake, utajieleza mpaka jua lizame.

SADIKI: Sijasema umruke. Mpitie, jitambulishe, saini kitabu cha wageni. Halafu rudi kwa yule mama siku nyingine, bila mwenyekiti na bila kamera. Mweleze filamu inakwenda wapi. Na usimwambie "itaonyeshwa kimataifa", hiyo haimwambii kitu. Mwambie itakuwa YouTube, mwanao aliyeko Dar ataiona, mume mliyeachana ataiona, watu wataikata vipande warushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Hapo ndipo umuulize kama bado anataka.

MWAMVUA: Wengi watakataa.

SADIKI: Basi wakatae!

MWAMVUA: Sawa, hapo nakuunga mkono. Mnaikumbuka Darwin's Nightmare, ile ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Mwanza? Ilifika mpaka kugombea Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikosoa hadharani. Kama ilisema kweli au ilitia chumvi, watu wanabishana hadi leo, na mimi leo simo. Najiuliza habari ya waliozungumza ndani yake. Filamu ikishaikasirisha nchi nzima, mwongozaji yuko zake Ulaya. Aliyetoa maneno anashinda palepale Mwanza, na jirani zake wanamjua.

SADIKI: Na si lazima liwe jambo la kufika kwa rais. Chukua miezi ambayo ziwa limefungwa, uvuvi umezuiwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mtu wa filamu huo ni msimu mtamu: wavuvi wapo nchi kavu, wana muda, wana uchungu, wanasema. Kijana mmoja akisema mbele ya kamera kwamba juzi usiku aliingia majini, au nyuma yake ikaonekana kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, umemtengenezea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

MWAMVUA: Si unamfunika uso?

SADIKI: Uso tu? Mtumbwi una namba. Kofia yake inajulikana. Sauti je? Pale mwaloni watu wanatambuana kwa kikohozi, dada.

MWAMVUA: (anacheka) Kweli kabisa.

SADIKI: Ndiyo maana mwongozaji lazima ajue sheria ya pale anaporekodi, azime kamera kabla mtu hajajiponza. Na ile picha ghafi isizagae kwenye laptopu za watu watano.

MWAMVUA: Sasa twende Kasulu, maana huko ndiko roho yangu inakouma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, ilianza na ndugu zetu wa Kongo, kisha 2015 wakaja Warundi wengi. Wanaokwenda kurekodi pale wanataka nini? Simulizi ya safari. Nani kafa, nani kafanyiwa nini njiani. Mama anasimulia, analia, halafu mtu wa sauti anainua mkono: "Samahani, gari limepita, turudie."

SADIKI: Astaghfirullah.

MWAMVUA: Turudie! Kilio kirudiwe! Mimi naona sauti ikiharibika, imeharibika. Weka maandishi chini, au liache hilo. Na mkalimani umpeleleze kwanza. Mama wa Kibembe hawezi kueleza aliyoyapata mbele ya kijana anayesali naye kanisa moja. Atakupa hadithi fupi, safi, isiyo na kitu, nawe utadhani hana la kusema. Afadhali mkalimani mwanamke, tena atoke mbali kidogo.

SADIKI: Na baada ya hapo?

MWAMVUA: Baada ya hapo usipakie vitu kwenye gari ukaondoka. Kaa, kunyweni chai, ongeeni mambo ya watoto, ya mahindi. Hakikisha kuna mtu atalala naye nyumba moja usiku ule. Na kama hujui ushauri nasaha unapatikana wapi pale kambini, hujawa tayari kuuliza maswali yale.

SADIKI: Pesa. Tuligombana hapa safari iliyopita.

MWAMVUA: Na bado tutagombana. Ukimlipa mtu, atakupa unachotaka kusikia.

SADIKI: Usipomlipa umemwibia siku. Jua la kuanika dagaa halimsubiri mtu, mvua ikija mzigo umeoza. Mpiga picha kalipwa, dereva kalipwa, mwenye hadithi anapewa soda?

MWAMVUA: Basi fidia ya siku iliyopotea, kiasi kilekile kwa kila mtu, kitajwe kabla ya kurekodi, na asipoongea vizuri apewe vilevile.

SADIKI: Hapo tumekutana njiani. Lakini la mwisho hunibadilishi: filamu ikiwa bado kwenye uhariri, rudi na kompyuta, mama aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema sehemu fulani itoke, itoke.

MWAMVUA: Hata kama ndiyo moyo wa filamu? Hata kama ni diwani, kasema uongo na ana aibu nao?

SADIKI: Diwani... hapana, diwani ana jukwaa lake. Nasema yule mama.

MWAMVUA: Na ukiwa umerekodi wote wawili, mama kamtaja diwani, na diwani ndiye shemeji yake?

SADIKI: Dada, umeniweza. Nipe wiki moja.

MWAMVUA: Haya. Wasikilizaji, mwenye jibu atume sauti kwenye namba yetu, tutazicheza wiki ijayo.